Magoti ya wasichana wanamichezo: kwa nini kano hukatika, na misuli inaweza kuzuia nini

Julai 2023, wiki mbili baada ya kuishangaza Ujerumani kwa mabao 3-2 katika mechi ya kirafiki, timu ya taifa ya wanawake ya Zambia ilianza Kombe lake la kwanza la Dunia ikiwa imempoteza mlinda lango wake wa kutegemewa, Hazel Nali, aliyeumia kano ya goti. Catherine Musonda, aliyechukua nafasi yake, alitolewa kwa kadi nyekundu katika mechi ya kwanza dhidi ya Japani, na lango likabaki mikononi mwa mlinda lango wa tatu, Eunice Sakala. Zambia ilifungwa matano na Japani, ikafungwa matano mengine na Uhispania, kisha ikaifunga Costa Rica 3-1 na kurejea nyumbani. Hakuna anayeweza kusema matokeo yangekuwa tofauti kama Nali angekuwepo. Lakini timu changa katika jukwaa kubwa ilipoteza mhimili wake kwa jeraha ambalo, kwa wanawake wanaocheza soka, limekuwa jambo la kutarajiwa.

Zambia haikuwa peke yake. England ilikwenda katika mashindano hayo bila nahodha wake Leah Williamson na mshambuliaji Beth Mead. Uholanzi bila Vivianne Miedema. Ufaransa bila Marie-Antoinette Katoto na Delphine Cascarino. Marekani bila Catarina Macario. Wote walikuwa na jeraha la aina moja. Williamson, Mead na Miedema walikuwa wakichezea klabu moja, Arsenal ya London, ambayo katika muda usiofika miezi sita, kati ya Novemba 2022 na Mei 2023, iliwapoteza wachezaji wanne kwa jeraha hilo, wa nne akiwa beki wa Austria, Laura Wienroither. Januari mwaka uliofuata ikawa zamu ya Sam Kerr, nahodha wa Australia, ambaye aliikosa Michezo ya Olimpiki ya Paris.

Majina hayo yanajulikana kwa sababu kamera zilikuwepo. Hata hivyo, kundi lililo hatarini zaidi si la nyota wenye mikataba, bali la wasichana wa umri wa sekondari, na katika nchi za ukanda huu hao ndio wanaobeba sehemu kubwa ya michezo ya wanawake. Timu ya Tanzania iliyofika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini India mwaka 2022 ilikuwa ya wasichana wasiozidi miaka 17. Timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe lolote la Dunia la FIFA, ile iliyokwenda Jamhuri ya Dominika mwaka 2024, nayo ilikuwa ya umri huo huo. Burundi na Uganda zilipocheza fainali za Afrika za wanawake mwaka 2022 nchini Morocco, na Tanzania ilipofanya hivyo Julai 2025, mafanikio hayo yaliwavuta wasichana wengi zaidi viwanjani. Wanapoongezeka wanaocheza, wanaongezeka pia wanaoumia, na swali ni nani amejiandaa kwa hilo.

Kano yenyewe na kazi yake

Ndani ya goti zipo kano mbili zinazopishana kwa umbo la msalaba, zikiufunga mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Ile ya mbele, inayotambulika duniani kwa herufi ACL, huuzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele na usijipinde kupita kiasi pale mtu anapogeuka. Katika kutembea kwa kawaida kazi yake ni nyepesi. Ni katika kusimama ghafla, kubadili uelekeo na kutua baada ya kuruka ndipo inapovutwa hadi ukingoni.

Takriban majeraha saba kati ya kumi ya kano hiyo hutokea bila mchezaji kugongwa na mtu. Anakimbia, anataka kumpita mpinzani, anakanyaga ili ageuke, goti linaporomokea ndani kuelekea goti la pili, na inasikika sauti kama ya kitu kilichokatika. Watazamaji hudhani ameteleza. Soka, mpira wa mikono, mpira wa kikapu na netiboli hujaa matukio ya namna hiyo, kwa kuwa yote ni michezo ya kusimama na kugeuka.

Wanawake wanaocheza michezo hiyo huumia kano hii mara nyingi zaidi kuliko wanaume wanaocheza mchezo ule ule. Makadirio hutofautiana kwa mchezo na umri, kuanzia mara mbili hadi mara nane. Katika soka tafiti nyingi huangukia karibu na mara mbili au tatu. Jambo la kutia maanani ni kwamba kabla ya balehe tofauti hiyo karibu haipo. Msichana na mvulana wa miaka tisa wako katika hatari inayolingana. Tofauti hujitokeza miaka michache baadaye, mwili unaporefuka kwa haraka na uzito kuongezeka. Mvulana katika kipindi hicho huongezewa misuli na homoni zake bila kufanya jitihada yoyote. Msichana hupata urefu na uzito, lakini nguvu ya misuli haiongezeki kwa kasi hiyo hiyo, isipokuwa akiifanyia mazoezi. Anaendesha chombo kikubwa zaidi kwa injini ile ile.

Muda mfupi kuliko kupepesa jicho

Hapa ndipo suala la misuli linapokuwa kiini cha mjadala. Goti limezungukwa na makundi mawili makubwa ya misuli ya paja. Misuli ya mbele hulinyoosha goti, na inapokaza kwa nguvu goti likiwa karibu limenyooka, huuvuta mfupa wa muundi kwenda mbele, yaani upande ule ule unaoitesa kano. Misuli ya nyuma ya paja huuvuta mfupa huo kurudi nyuma, hivyo hufanya kazi bega kwa bega na kano. Juu yake iko misuli ya makalio, ambayo huizuia nyonga isilegee na goti lisianguke kwa ndani. Makundi hayo yakifanya kazi kwa uwiano na kwa wakati, kano hubaki na mzigo mdogo.

Neno la kuzingatia ni wakati. Watafiti waliochambua picha za video za wachezaji wa kike walioumia wamebaini kwamba kano hukatika takriban milisekunde 40 baada ya mguu kugusa ardhi. Huo ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na ni mfupi mno kwa ubongo kupokea taarifa kwamba mguu umekaa vibaya na kutuma amri ya kuusahihisha. Kwa maneno mengine, misuli inayosubiri hatari itokee ndipo ikaze huwa imechelewa. Inapaswa kuwa imekwisha kukaza kabla mguu haujagusa ardhi, na hilo halitokani na nguvu peke yake. Linatokana na mazoea yaliyofundishwa mwilini kwa kurudiarudia.

Utafiti mmoja wa Denmark uliochapishwa mwaka 2009 unalionyesha jambo hili waziwazi. Wachezaji 55 wa kike wa ngazi ya juu katika mpira wa mikono na soka, ambao hawakuwa wameumia kano hiyo hapo awali, walibandikwa vipima umeme wa misuli wakati wakikata kona kwa kasi. Katika misimu miwili iliyofuata, watano walikatika kano. Wote watano walikuwa na sifa moja: muda mfupi kabla ya mguu kutua, misuli ya nje ya mbele ya paja ilikuwa imekaza sana, huku msuli mmoja wa nyuma ya paja, ulio upande wa ndani, ukiwa karibu umelala. Miaka minne kabla yake, Marekani, wasichana 205 wa soka, mpira wa kikapu na mpira wa wavu walipimwa namna wanavyotua baada ya kuruka. Tisa walioumia baadaye walikuwa wametua magoti yao yakielekea ndani zaidi kuliko wenzao.

Matokeo hayo yalizua matumaini kwamba ungetosha mtihani wa dakika chache ili kuwatambua wasichana walio hatarini. Matumaini hayo hayakudumu. Nchini Norway, zaidi ya wachezaji 700 wa kike wa ngazi ya juu walipimwa kwa mtihani wa kuruka na kutua, kisha wakafuatiliwa kwa miaka. Jibu lilikuwa kwamba mtihani huo haufai kumtenganisha atakayeumia na asiyeumia. Wengi waliotua vibaya hawakuumia, na baadhi ya waliotua vizuri waliumia. Idadi ya watano au tisa, hata ikiwa na mwelekeo ulio wazi, ni ndogo mno kujengea utabiri wa mtu mmoja mmoja. Kocha anayeambiwa leo kwamba kuna kifaa au mtaalamu atakayemwonyesha ni msichana yupi goti lake litakatika, ana haki ya kutia shaka kabla ya kufungua mkoba wa klabu.

Mwili au mazingira?

Kwa miaka mingi maelezo yaliyopewa nafasi kubwa yalikuwa ya kimaumbile: nyonga pana, nafasi finyu zaidi ya kano ndani ya goti, na homoni zinazopanda na kushuka katika mzunguko wa hedhi. Hayo ya mifupa yana ukweli wake, ila hakuna awezaye kuyabadili. La hedhi bado linachunguzwa. FIFA inagharamia utafiti wa Chuo Kikuu cha Kingston cha London kuhusu uhusiano huo, na ushahidi uliopo hadi sasa ni dhaifu kiasi kwamba haumpi kocha sababu ya kupanga kikosi kwa kufuata kalenda ya wachezaji.

Mwaka 2021 kundi la wataalamu liliandika katika jarida la tiba ya michezo la Uingereza hoja iliyowaudhi baadhi na kuwafungua macho wengine: kwamba kabla ya kuulaumu mwili wa mwanamke, ni vema kutazama anavyolelewa kimichezo. Mvulana huanza kukimbia, kuruka na kuanguka akiwa mdogo, na hakuna anayemwita ndani. Msichana huanza mazoezi rasmi akiwa amechelewa, hapewi muda wa kutosha katika chumba cha kunyanyua vyuma, hupangiwa uwanja mbovu au saa isiyofaa, na njumu anazovaa zimetengenezwa kwa kufuata umbo la mguu wa mwanamume. Baada ya kuumia hupata huduma duni zaidi, na akirudi, hurudi akiwa hajakamilika.

Hoja hiyo ina uzito wa pekee katika nchi za ukanda huu, ambako si kila msichana ana njumu za kwake, na ambako saa za jioni ambazo kaka yake yuko uwanjani huenda yeye yuko kisimani au jikoni. Pia inafunga mlango wa tafsiri moja ya hatari. Taarifa kwamba wasichana huumia zaidi inaweza kugeuzwa haraka kuwa kisingizio cha mzazi au mwalimu asiyependa kuwaona viwanjani. Ushahidi hauelekezi huko. Unachosema ni kwamba mwili ambao haukuandaliwa huumia, na kwamba maandalizi hayo yanawezekana.

Dakika 15 za Sweden

Ushahidi ulio imara zaidi kuhusu kinga ulitoka Sweden mwaka 2012. Wasichana 4,564 wa umri wa miaka 12 hadi 17 kutoka klabu za soka waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja liliendelea na mazoezi yake ya kawaida. La pili lilifanya, mara mbili kwa wiki, dakika 15 za mazoezi sita wakati wa kupasha misuli moto: kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kuchuchumaa kwa miguu miwili, kulala chali na kuinua nyonga, kujiegemeza kwa viwiko na vidole vya miguu huku mwili umenyooka, kupiga hatua ndefu mbele na kushuka, na kuruka kisha kutua kwa utulivu. Kila zoezi lilikuwa na ngazi za ugumu, na moja ya kufanya wawili wawili. Sharti kuu lilikuwa moja katika yote: goti libaki juu ya vidole vya mguu, lisiingie ndani.

Mwishoni mwa msimu, kano zilizokatika zilikuwa 14 katika kundi la kwanza na saba katika la pili, ambalo lilikuwa na wachezaji wengi zaidi. Kwa hesabu ya saa za kucheza, hatari ilipungua kwa asilimia 64. Mtu makini ataona kwamba idadi yenyewe si kubwa, na kwamba klabu nyingi hazingepata jeraha hata moja kwa mwaka, zifanye mazoezi zisifanye. Ni kweli, na ndiyo sababu makocha wengi huacha: faida yake ni tukio ambalo halikutokea, na halionekani kwa macho. Lakini tafiti nyingi zilizounganishwa pamoja zimefikia hitimisho linalokaribiana, kwamba mazoezi ya aina hii hupunguza majeraha ya kano yasiyotokana na kugongwa kwa takriban theluthi mbili miongoni mwa wanamichezo wa kike. Si kila dawa ya kinga katika tiba inaweza kujivunia kiwango hicho.

Mpango unaofanana na huo, uliobuniwa chini ya FIFA na kuhitaji dakika 20, ulijaribiwa pia Rwanda katika timu za wanaume za daraja la pili, na majeraha yalipungua. Kwa hiyo dai kwamba mambo haya ni ya Ulaya peke yake halina msingi. Hayahitaji mashine wala nyasi bandia. Kinachohitajika ni kocha aliyeelekezwa, na uvumilivu wa kuyarudia kila wiki, kwani faida iliwaegemea zaidi wale walioyafanya bila kukosa. Timu inayoyafanya wiki mbili kabla ya mashindano ya shule kisha ikayaacha, imepoteza jasho lake.

Anapokuwa amekwisha kuumia

Katika viwanja vya shule, dalili hujulikana lakini hazitafsiriwi. Sauti ya kukatika, goti kuvimba katika saa chache za mwanzo, na hisia kwamba mguu hauaminiki. Kisha uvimbe hupungua, msichana anatembea, na watu wa nyumbani wanashukuru kwamba amepona. Anarudi uwanjani baada ya wiki sita. Goti linamtoka tena, na safari hii linasaga gegedu inayolinda mifupa. Jeraha la pili mara nyingi huwa ndilo linaloharibu zaidi.

Upasuaji si jawabu pekee. Jaribio jingine la Sweden, lililochapishwa mwaka 2010, liliwafuatilia vijana 121 wa umri wa miaka 18 hadi 35 ambao hawakuwa wachezaji wa kulipwa. Baadhi walipasuliwa mapema, wengine walianza na mazoezi ya tiba na kupasuliwa baadaye kama ingelazimu. Baada ya miaka mitano takriban nusu ya kundi la pili hawakuwa wamepasuliwa, na hali za makundi yote mawili zililingana. Kwa familia isiyo na uwezo wa kumfikia daktari bingwa wa mifupa, hii ni habari yenye maana: mazoezi ya tiba yanayosimamiwa vema na mtaalamu wa viungo ni matibabu kamili, si kujiliwaza. Anayetaka kurudi katika mchezo wa kugeuka kwa kasi bado atahitaji ushauri wa daktari, na huenda akahitaji kisu.

Aliyepasuliwa naye asiharakishe. Watafiti wa Norway walibaini kwamba kila mwezi ambao mchezaji alisubiri, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza kwa takriban nusu uwezekano wa kuumia upya. Miongoni mwa vijana wanaorudi katika michezo ya hatari, karibu mmoja kati ya wanne huumia tena, iwe goti lile lile au la pili. Na ipo gharama inayokuja kimya kimya. Wanasoka wa kike wa Sweden waliochunguzwa miaka 12 baada ya kuumia kano, wakiwa na wastani wa umri wa miaka 31, zaidi ya nusu ya waliopigwa picha za eksirei walikwisha kuwa na magoti yaliyosagika. Huo ni umri wa kubeba mtoto na kulima shamba.

Aliyepata matunzo kamili anaweza kurudi. Leah Williamson alirudi na kuiongoza England kutwaa ubingwa wa Ulaya Julai 2025, Beth Mead akiwa kikosini. Nyuma yao walikuwa madaktari, wataalamu wa viungo na mshahara uliolipwa wakati wote wa kuuguza goti. Mwaka 2024 chama cha wachezaji duniani FIFPRO, chama cha wachezaji wa England, kampuni ya Nike na Chuo Kikuu cha Leeds Beckett walianzisha mradi wa miaka mitatu kuchunguza jeraha hili, ukilenga klabu za ligi kuu ya wanawake ya England. Matokeo yake yatasomwa kwa hamu, ingawa ratiba, viwanja na viatu vinavyochunguzwa humo ni vya wachezaji wa kulipwa.

Nchi za Skandinavia hazikufika zilipo kwa bahati. Norway ilianza kuandikisha majeraha ya kano za goti yanayofanyiwa upasuaji katika daftari la taifa mwaka 2004, Denmark na Sweden zikafuata mwaka 2005, na ni kutokana na tabia hiyo ya kuhesabu ndipo makocha wao walipoweza kuambiwa nini kinafanya kazi. Shule au klabu ya kijijini inaweza kuanza na daftari la kawaida: jina la mchezaji na umri wake, tarehe, mechi au mazoezi, aligongwa au aligeuka peke yake, alikuwa amevaa nini mguuni, uwanja ulikuwa mkavu au una maji, na ni lini aliruhusiwa kucheza tena, na nani aliyemruhusu.